Mwenzi wa Watachoka

Shefu Niyonsenga alikataa kiti. Alisimama katikati ya ua, kofia mkononi, akamweleza Constance kwamba kilima kizima kimechoka. Mbwa wao alikuwa analia kila mchana, wiki ya tatu sasa, kilio kirefu cha kuvuta. Watu walikuwa wamerudi juzi tu kutoka kambini, wengine hawajamaliza hata kukandika kuta, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kusikia mbwa akimlilia maiti ambaye bado hajulikani ni nani. Tena kulikuwa na waliosema kwamba sauti ile inafika mpaka bondeni, kwamba wenye bunduki wataisikia na kuanza kuuliza ni nani wanaoishi huku juu na wanakula nini. Akampa mpaka Jumapili baada ya misa. Kama mbwa hatakuwa amenyamaza, vijana watakuja na kamba.

Hayo yote aliyasema mbele ya Damien Hakorimana, mwenye nyumba na mume wa Constance, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha miti chini ya ukingo wa paa, hatua tatu kutoka pale aliposimama shefu. Hakumsemesha. Alipomaliza ndipo alipomtupia jicho, akamuuliza Constance kama mgonjwa anaendelea vizuri. Constance akajibu kwamba yuko vile vile.

Damien alikuwa amesikia neno kwa neno. Tangu tansio, ule ugonjwa wa presha, ilipompiga mwezi wa tatu, mkono na mguu wake wa kulia vilikuwa vimelala, lakini masikio yalikuwa yale yale ya mtu aliyeishi miaka thelathini katika soko la ng'ombe la Kitshanga, akisimama kati ya muuzaji na mnunuzi mpaka wakubaliane. Alikuwa dalali. Wengine walilima maharage, yeye alilima maneno, na shamba lake halikuwahi kukosa mavuno. Sasa neno lilikuwa limebaki moja. Akitaka maji, linatoka hilo. Akitaka kutaja jina la mke wake, linatoka hilo hilo.

"Kesho," alimwambia shefu, akinyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwanza kwa mbwa, kisha kwa mdomo wake mwenyewe. "Kesho. Kesho."

"Ndiyo, Papa, kesho," shefu akajibu kwa sauti kubwa, ile ya kusemeshea viziwi, akavaa kofia yake na kushuka.

Constance aliona kidole kile mdomoni. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha uji. Damien alipokisukuma, uji ukamwagika kwenye kitenge, na mama wa watu akajifuta taratibu, kama mtu anayehesabu mpaka kumi ndani ya roho.

Mbwa aliitwa Watachoka. Damien ndiye aliyempa jina, mwaka ule watu wa sokoni walipokuwa wakimsema kwamba anakula pande zote mbili. Kila alipomwita mbwa, aliwajibu. Watachoka alikuwa na dada yake, Wivu, aliyewapotea kwenye njia ya Sake siku ile watu walipokimbia mvua ya mabomu, na kwa sababu hiyo kila mtu kilimani alikuwa na maelezo tayari: mbwa anamlilia dada yake.

Maelezo hayo yalimkera Damien kuliko mguu uliolala. Watachoka alikuwa amekaa kambini miezi mingi bila Wivu, akarudi nyumbani bila Wivu, na hakulia hata siku moja. Kilio kilianza siku mjukuu wa jirani yao Nzabandora alipopokea komunyo, ilipochinjwa mbuzi. Damien alimwona mbwa kwa macho yake akipanda kutoka kwenye karamu na mfupa kinywani, akaenda nyuma ya jiko kuutafuna, kisha akatoka ameinamisha kichwa upande mmoja. Tangu hapo alikula kwa upande wa kushoto tu, akiangusha nusu ya chakula. Mate yalimning'inia. Alikuwa akijikwaruza shavu kwa mguu wa mbele, na akikaribia, pumzi yake ilinuka kidonda. Na hakulia mchana kwa sababu ya mchana. Alilia kwa sababu mchana ndipo binti yao, Estelle, alipommwagia makombo ya chakula. Siku alipopewa mchuzi mtupu, hakulia.

Mtu aliyefungua midomo ya ng'ombe maelfu kuhesabu meno hakuhitaji kuambiwa. Kitu kilikuwa kimekwama mle ndani. Mara mbili Damien alimwita mbwa kwa kupiga vidole, akamlaza kichwa juu ya goti, akajaribu kumfunua mdomo kwa mkono wa kushoto. Mara mbili mbwa akajivuta na kuondoka, maana hapakuwa na mkono wa pili wa kumshika. Alichohitaji kilikuwa mtu mmoja tu, wa kushikilia kichwa kwa muda wa Baba Yetu moja. Mtu huyo alikuwepo, tena wawili, wakipita mbele yake kutwa nzima, Constance akienda shambani na kurudi, Estelle akifagia, akifua, akimgeuza baba yake kivulini jua likisogea. Damien alimwonyesha Estelle mbwa, akamwonyesha mdomo. Estelle akatabasamu, akasema kumbe Papa anamhurumia mbwa, akamwongezea Watachoka donge la bukari, yaani ugali. Siku hiyo kilio kilisikika mpaka kwenye barabara ya Mweso.

*

Wazo la mwenzi lilitoka kwa Nzabandora. Huyu alikuwa mzee wa jirani ambaye Constance mwenyewe alimwomba, baada ya misa, awe anakuja kukaa na Damien, kwa sababu mgonjwa akiachwa peke yake mawazo humla. Nzabandora alikuja kila asubuhi na kigoda chake, akaongea mpaka chakula cha mchana, akala, akaondoka. Alikuwa na hadithi ya fahali aliyemuuza kwa hasara, na kwa wiki hizo Damien alikuwa ameisikia mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuisimulia vizuri zaidi, kama angepewa tena ulimi wake kwa robo saa.

"Mama Estelle," Nzabandora akasema baada ya kusikia habari za shefu, "hii imbwa haina ugonjwa. Iko na upweke. Kila kiumbe ikikaa peke yake inaharibika. Umutafutie mwenzake, utaona namna itanyamaza."

Akasema tena, huku akimpigapiga Damien bega, kwamba hata binadamu ni vile vile, angalia huyu, tangu aanze kupata wa kuongea naye uso wake umefunguka.

Damien akatikisa kichwa. Akapiga kiti kwa kiganja. Akasema neno lake kwa nguvu zote, mara nne, mara tano, mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Constance akaingiwa na hofu kwamba tansio inapanda, Estelle akakimbilia kidonge, na mabishano yote ya Damien yakaishia na maji ya kikombe yakimtiririka kidevuni huku binti yake akimwambia atulie, atulie, watampata mbwa mwingine, asiwe na wasiwasi.

Constance hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka. Alikuwa na mashamba mawili yaliyorudi kuwa majani, mume wa kuogeshwa na nyumba yenye bati upande mmoja tu, na sasa mbwa. Angeweza kumwacha auawe. Lakini alikuwa ameona namna mume wake alivyomtazama yule mbwa kutwa, na akajiambia kwamba mtu aliyebakiwa na kitu kimoja cha kutazama hanyang'anywi. Hilo Damien hakulijua. Yeye aliona tu mke wake akifunga kitambaa kichwani na kushuka Kitshanga kutafuta alichokuwa hakihitaji.

Kitshanga hakupata. Mbwa walikuwa wamepungua tangu vita, wengine walikufa, wengine waligeuka wa porini wakilala kwenye vibanda vilivyoachwa. Na kila alipouliza, alichekwa. Kwenye bomba la maji mwanamke mmoja alisema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba wenzake wanatafuta watoto waliopotea njiani na Mama Estelle anatafutia mbwa bibi. Constance aliirudia habari hiyo jioni akiwasha moto, mgongo amewapa.

Ndipo alipomkumbuka mdogo wake Murekatete, aliyeolewa Pinga, ambako wawindaji hawakosi mbwa. Alituma ujumbe kwa simu ya Estelle, jibu likaja kwamba yupo jike mmoja kijana, mpole, aje tu amchukue. Jumatano asubuhi Constance alitoa kopo la maziwa ya unga lililokuwa na pesa za dawa za Damien, akalimimina lote kwenye kitambaa. Alimwona mume wake anamtazama.

"Utakunywa nusu nusu mpaka mwezi ukwishe," akasema. "Nifanye nini, Papa Estelle? Uniambie basi. Nifanye nini?"

Damien alinyoosha mkono kumshika. Alishika ncha ya kitenge. Akaivuta kuelekea mbwa, akaivuta kwa nguvu, na Constance akadhani anamzuia asisafiri kwa sababu ya hatari za njia. Akamfungua vidole kimoja kimoja, taratibu, akamwambia kwamba Mungu yupo, na akaenda kupanda pikipiki.

*

Siku mbili alizokuwa hayupo, Damien alijaribu njia nyingine. Alichukua kipande cha mkaa kwa mkono wa kushoto, akainama, akaanza kuchora kichwa cha mbwa kwenye udongo mgumu wa ua. Mkono ulikwenda ulikotaka. Kichwa kikatoka duara lenye mapembe, na mdomo aliokusudia uwe wazi ukatoka mstari mmoja.

Nzabandora alisimamisha habari za fahali akainama kutazama. Akauliza kama ni kiazi. Damien akatikisa kichwa. Akauliza kama ni ng'ombe, kama ni ramani ya shamba, kama ni mtu fulani aliyemdhulumu zamani sokoni. Damien akafuta kwa kisigino cha mguu wa kushoto, akajaribu kuandika. Alikuwa ameandika majina ya ng'ombe na wenye ng'ombe maisha yake yote, lakini herufi hazikutaka kuja, zilikuja ndoano na vitanzi, na Nzabandora akasema kwa huruma kwamba asijichoshe, hata yeye hakusoma na ameishi. Mkaa ukavunjika. Damien akautupa, ukampata kuku.

Mchana mbwa akala, akalia. Mwanamke mjamzito wa nyumba ya chini akatoka na mtoto mgongoni na furushi kichwani, akaenda kulala kwa mama yake, mbali na kilio kile. Alipita bila kusalimia.

*

Constance alirudi Ijumaa alasiri, kwa miguu, akimvuta mbwa kwa kamba. Alikaa chini kwenye mlango kabla hata ya kunywa maji, akanawa miguu, na safari ikamtoka kidogo kidogo. Baria, vile vizuizi vya barabarani, zilikuwa tano. Kwenye ya kwanza hakuna aliyemwuliza kitu. Kwenye ya pili kijana mwenye bunduki alitaka karatasi za mbwa, na alipoambiwa mbwa hana karatasi, akasema basi ni abiria, alipe kama abiria. Kwenye ya tatu walimlazimisha kumtoa mbwa kwenye kapu na kueleza ni wa nini, akaeleza, na wakaitana waje wasikie, wakamwuliza bwana harusi ni nani na mahari ni kiasi gani, akasimama pale juani na umri wake wote akijibu. Baada ya Kalembe mbwa alitapika kwenye koti la mwendesha pikipiki, na mwendesha pikipiki akawashusha wote wawili na vitu vyao. Walitembea mpaka miguu ikavimba. Njia nzima alikuwa akimwambia mbwa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwambia, kwamba kama hatamnyamazisha yule wa nyumbani atamrudisha msituni kwa mateke.

Mbwa alikuwa wa rangi ya kahawia, mwembamba, hajamaliza mwaka, na shingoni alikuwa na kengele ya mti, ile wanayowavalisha wa kuwinda. Jina lake Bijou. Alinusa ua wote, akanusa miguu ya Damien, kisha akamwona Watachoka amelala karibu na zizi la mbuzi. Akamwendea mkia ukicheza, mwili mzima ukijikunja kwa adabu, akafanya kile mbwa wadogo wanachofanya kwa mkubwa: akamlamba mdomo.

Watachoka alipiga yowe ambalo hakuwahi kulipiga. Akamrukia, akamng'ata sikio, na Bijou akakimbia akilia mpaka ndani ya nyumba, damu ikidondoka kwenye sakafu.

Damien ndiye peke yake aliyeelewa alichokiona. Wengine waliona mbwa mwenye mate mdomoni, asiyekula vizuri, anayelia mchana na sasa anang'ata. Estelle ndiye aliyelitamka neno kwanza, taratibu, kama mtu anayeogopa kuliamsha: kichaa. Constance aliokota ukuni akamtupia Watachoka, akamkosa. Akaokota wa pili. Halafu akaukalia, akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa hasira, bila sauti, mabega tu yakitikisika. Kabla jua halijashuka, kilima kizima kilikuwa kinajua. Shefu alituma mtu kusema kwamba habari ya Jumapili imekwisha. Watakuja Jumamosi asubuhi, mara tu baada ya salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, watu wakiwa bado na majembe mikononi.

*

Wakaja. Vijana watatu walimtupia Watachoka kitanzi, wakamvuta mpaka kwenye nguzo ya zizi, wakamfunga shingo karibu kabisa na mti ili asiweze kugeuka. Watu wa salongo walisimama kando ya uzio wa matete, wengine wakiwa wamewaweka watoto nyuma yao. Shefu alimwambia Constance aingie ndani na mgonjwa, haikuwa vizuri aone.

Damien alimtazama mbwa aliyefungwa, na jambo moja likamjia wazi, bila haraka. Sasa kulikuwa na wa kumshika. Nguzo ilikuwa inamshika.

Alijisukuma kutoka kwenye kiti akaanguka ubavu. Constance akapiga hatua kumwinua, Damien akamsukuma. Akaanza kwenda kwa matako, mkono wa kushoto ukivuta, mguu wa kushoto ukisukuma, ule wa kulia ukifuata nyuma kama mzigo wa mtu mwingine. Ua ulikuwa mdogo lakini kwa mwendo huo ulikuwa mrefu. Suruali ilimshuka. Alijua kwamba imemshuka, alijua kwamba nusu ya watu waliosimama pale aliwahi kuwapatanisha wakiwa wamevaa vizuri na yeye amevaa vizuri zaidi, na aliendelea. Mtu akasema wamshike mzee. Kijana mmoja akamshika shati, likachanika, na kijana akabaki na kipande mkononi, haya imemjaa.

Alipofika, Watachoka alimtambua, akaacha kuvuta kamba. Damien alimwegemea kwa ule upande uliolala, akautumia uzito wake kumbana kwenye nguzo, kisha akaingiza mkono wa kushoto kinywani. Harufu ikatoka, hata wa kwenye uzio wakageuza nyuso. Mbwa aling'ata mara moja, sana. Damien hakutoa mkono. Kidole chake kilikuwa kimeupata, mfupa wa ubavu wa mbuzi, umelala juu kwenye kaakaa kutoka jino hili mpaka jino lile, nyama imeuvimbia pande zote. Aliutia kidole gumba kwa nyuma, akaukandamiza chini, ukagoma, akaukandamiza tena. Ukaachia.

Aliuinua juu, damu ya mbwa na yake mwenyewe zikimshuka mpaka kwenye kiwiko. Alitaka kusema mfupa. Lilitoka neno lake lile lile, na safari hii hakuna aliyemjibu ndiyo, Papa.

Kijana aliyekuwa na kipande cha shati alisogeza bakuli la maji kwa mguu. Watachoka akanywa yote.

*

Shefu hakutaka kushindwa mbele ya watu. Alisema sawa, mfupa ni mfupa, lakini mbwa aliyemng'ata binadamu hawezi kuachwa, ndivyo ilivyo siku zote. Ilibidi Damien abebwe kwenye tipoyi, machela ya miti, mpaka kituo cha afya huko chini, na vijana wale wale waliokuja kuua ndio waliombeba, ili neno la mwisho litoke kwa muuguzi.

Muuguzi alikuwa msichana anayeitwa Gaëlle. Aliuosha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu sana, mpaka Constance akaanza kuogopa sabuni itakwisha. Akasema sindano hana, atauliza kituo cha Mweso. Akasema mbwa asiuawe. Afungwe, alishwe, atazamwe siku kumi, na akiwa hai siku ya kumi, Papa hana kichaa. "Mukimuua leo," akamwambia shefu, "hamutajua kitu."

Kisha akafanya jambo ambalo Constance alilitazama mdomo wazi. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya Damien, akamwuliza yeye mwenyewe. Kama jibu ni ndiyo, afumbe macho. Kama ni hapana, ayaache wazi. Mbwa alikuwa anakunywa maji siku hizi zote? Akangoja. Hakumsaidia, hakuinamisha kichwa, hakurudia swali. Damien akafumba macho. Alikuwa amewahi kumng'ata mtu kabla ya leo? Akangoja tena. Macho yakabaki wazi. Gaëlle akaandika kwenye daftari, akafunga jeraha, akamwita mgonjwa mwingine.

Siku kumi zilipita polepole. Watachoka alikula kwanza kwa woga, kisha kwa pupa. Mchana kilima kilikuwa kimya, na mwanamke mjamzito akarudi na furushi lake. Na watu walipopita njiani walimsifu Bijou. Walisema mnaona, mbwa alikuwa anataka mwenzake tu, alipoletewa siku ya pili amenyamaza. Nzabandora aliisimulia hivyo sokoni, na mfupa ukapungua katika hadithi kila alipoirudia, mpaka ukatoka kabisa. Hata Constance, kwenye bomba la maji, mbele ya yule mwanamke aliyemcheka, hakuona ubaya wa kuiacha iwe hivyo, maana ndiye aliyekwenda Pinga. Bijou mwenyewe alikuwa amegundua kuku wanataga wapi, na mayai hayakuonekana tena nyumbani. Damien alikaa kwenye kiti chake na mkono uliofungwa, akisikia yote, akinywa nusu kidonge.

Siku ya kumi shefu alituma mtu kuangalia. Mtu akamwona mbwa anakula, akarudi. Alasiri hiyo Estelle alikuwa mtoni na nguo, Nzabandora alikuwa ameshakwenda, na Constance akakaa karibu na mume wake kupukuchua maharage. Alipukuchua muda mrefu.

"Papa Estelle," akasema, bila kumtazama. "Uliyuwaka kama ni mufupa?"

Akainua kichwa kutafuta jibu, akaona amefumba macho.

"Tangu juzi ile, siku ya kamba?"

Macho yakabaki wazi.

"Mbele? Mbele nikwende Pinga?"

Akafumba.

Constance akausukuma ungo, maharage yakamwagika. Alisimama. Akamtupia tena yote ya safari ile: miguu, koti la mwendesha pikipiki, wale vijana wa baria na mahari yao, pesa za dawa ambazo hazingerudi. Alisema na wewe ulikuwa unajua, umekaa hapo unajua, juu ya nini hukuniambia.

Damien alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauinua mkono wenye bandeji, akamwonyesha mbwa, akajionyesha mdomo. Hakuongeza neno.

Constance alikiona kidole. Akakaa chini pale pale juu ya maharage, na uso wake ukabadilika kwa hatua, kama mtu anayekumbuka siku moja, kisha nyingine, kisha nyingine: uji, kitenge kilichovutwa, kidonge, mkaa ambao Estelle alimsimulia. Mbuzi walipiga kelele ya kutaka majani, hakuinuka.

"Kuko ingine?" akauliza hatimaye. "Kuko vitu ingine ulikuwa unasema, na sisi hatukusikia?"

Damien akafumba macho.

"Mingi?"

Aliyafumba kwa nguvu, akayaacha yamefumbwa, na maji yakatoka kwenye pembe zake. Constance hakumfuta. Alisogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana, akafunga kitambaa chake vizuri kama mtu anayeanza kazi ya siku nzima.

"Basi," akasema, "tuanze na mwezi wa tatu."